Protini za mwendo ndani ya seli na magonjwa ya binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Protini za mwendo ni nini hasa?

Ni protini zinazotembea, na neno hilo lichukuliwe kama lilivyo. Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna njia nyembamba zilizojengwa kwa protini, na juu ya njia hizo zipo protini nyingine zinazokanyaga, kuvuta na kubeba mizigo kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Mizigo yenyewe ni vifuko vya kemikali, mitokondria (viwanda vya nishati vya seli), vipande vya RNA (nakala za maagizo ya jeni), chembe za rangi ya ngozi na, wakati seli inapogawanyika, hata kromosomu.

Aliyewahi kumtazama mkwezi akipanda mnazi ameshaona jinsi kinesini, mojawapo ya protini hizi, inavyokwenda. Mkwezi haachii alipokanyaga mpaka mguu mwingine umeshika, kwa kuwa akiachia kote kwa pamoja ataanguka. Kinesini nayo ina miguu miwili, na katika kila hatua mguu mmoja hubaki umeng'ang'ania njia wakati wa pili unatupwa mbele. Hatua hiyo ina urefu wa nanomita 8, hivyo kwenda milimita moja tu kunahitaji hatua 125,000.

Familia zake ni tatu. Miosini hufanya kazi juu ya nyuzi za aktini, na ndiyo inayokaza misuli. Kinesini na dainini hupita juu ya vijirija viitwavyo mikrotubuli. Kwa kawaida kinesini hutoka katikati ya seli kwenda pembezoni, na dainini hurudi katikati. Wapo wanaoziita protini mota. Hapa tutatumia jina la protini za mwendo, kwa sababu linaeleweka hata kwa ambaye hajasoma biolojia.

Zinapata wapi nguvu ya kutembea?

Kutoka kwenye ATP, kemikali ambayo seli huitengeneza kutokana na chakula na hewa tunayovuta. Kinesini hutumia molekuli moja ya ATP kwa kila hatua. Miosini ina tabia ambayo waosha maiti wanaijua vizuri hata kama hawajawahi kusikia jina lake: inahitaji ATP ili iachie. Mtu anapofariki, ATP huisha katika misuli, vichwa vya miosini hubaki vimeshikamana na aktini, na mwili hukakamaa ndani ya saa chache. Ndiyo maana kidevu cha marehemu hufungwa kitambaa mapema na viungo vyake hunyooshwa kabla havijakaza. Baadaye protini zenyewe huanza kuvunjika na mwili hulegea tena.

Ziligunduliwa lini?

Miosini ilipewa jina mwaka 1864 na Mjerumani Wilhelm Kühne. Dainini ilipewa jina mwaka 1965 na Ian Gibbons, aliyeipata katika silia, yaani vinyweleo vinavyopigapiga, za kiumbe chenye seli moja. Kinesini ilichelewa zaidi: Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waliitambua mwaka 1985 huko Woods Hole, Marekani, katika neva ya ngisi, jamaa wa hao wanaouzwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Ngisi alichaguliwa kwa sababu ana neva nene inayoweza kukamuliwa, na yaliyomo ndani yake yakatazamwa kwa hadubini yakiendelea kusafiri ingawa ngisi mwenyewe ameshakufa.

Protini hizi zikiharibika, ugonjwa hutokeaje?

Wengi hudhani hitilafu ni moja tu, yaani protini inashindwa kufanya kazi na mzigo haufiki. Hilo hutokea mara nyingi, lakini kuna njia nyingine, na kuzichanganya kumewahi kuwapotosha hata watafiti. Protini inaweza kuwa na nguvu kupita kiasi na ikavuta pale inapopaswa kupumzika, jambo tutakaloliona katika moyo. Inaweza kukosa breki: kinesini nyingi zisipokuwa na mzigo hujikunja na kutulia, na mabadiliko ya jeni yakiiondoa breki hiyo zitatembea ovyo bila kubeba kitu. Inaweza pia kuwa nzima kabisa, ila kinachoiunganisha na mzigo au kinachoiongoza ndicho kilichoharibika. Mfano wa hali hii ya mwisho ni protini ya LIS1, inayoisaidia dainini. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993 kwa watoto wanaozaliwa na ubongo laini usio na mikunjo, kwa sababu seli changa za ubongo zilishindwa kuhama kwenda mahali pake.

Mwisho kuna mchokozi kutoka nje. Virusi, sumu za bakteria na hata dawa zetu wenyewe huingilia usafiri huu, na baadhi ya magonjwa tunayoyaogopa sana Afrika Mashariki yamo katika kundi hilo.

Kwa nini neva huathirika kuliko viungo vingine?

Kwa sababu ya urefu. Seli nyingi mwilini hazionekani kwa macho, lakini neva inayokwenda kwenye kidole gumba cha mguu wako ina mwili wake wa seli kiunoni, karibu na uti wa mgongo, na mkia wake, unaoitwa aksoni, unafikia karibu mita moja kwa mtu mzima. Karibu protini zote hutengenezwa kwenye mwili wa seli kule juu. Mzigo ukiachwa uelee wenyewe hautafika hata kwa miaka. Ukibebwa na kinesini hufika kwa siku chache, kwa kuwa usafiri wa kasi katika neva hufikia takriban milimita 400 kwa siku. Taka na ishara za kurudi juu hubebwa na dainini. Fikiria mji ulio mwisho wa barabara moja ndefu isiyo na njia ya mchepuko: magari yakipungua, huo ndio mji wa kwanza kuona njaa.

Ndiyo sababu magonjwa haya mara nyingi huanzia miguuni. Mabadiliko katika jeni ya KIF5A, inayotengeneza mojawapo ya kinesini kuu za neva, huleta aina ya kupooza kwa kurithi ambako miguu hukaza na mwendo huwa wa kukokota, kuanzia utotoni au ujanani. Mwaka 2018 ilibainika kwamba mabadiliko katika mkia wa protini hiyohiyo huchangia ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli moja baada ya nyingine. Jeni ni ileile, lakini mahali palipoharibika ni tofauti: ikiguswa sehemu ya miguu protini haitembei vizuri, na ikiguswa sehemu ya mkia hukosa breki. Jeni ya KIF1A nayo ikiharibika, mtoto huweza kuwa na miguu inayokaza, kifafa, kuchelewa kukua kiakili na kupungua kwa uwezo wa kuona. Upande wa dainini, hitilafu katika DYNC1H1 hudhoofisha misuli ya mapaja na miguu tangu utotoni, wakati mikono hubaki na nguvu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya mateso niliyoyaona yakiongezwa juu ya ugonjwa. Baba alianza kukokota miguu akiwa na miaka 30, kaka yake vilevile, na sasa kijana. Majirani wakasema nyumba ile imefanyiwa kitu, na pesa za kliniki zikaishia kwa mganga. Ugonjwa unaofuata damu ya ukoo namna hiyo una maelezo yanayoonekana maabara, na hakuna mkono wa jirani ndani yake.

Je, sayansi yenyewe haijawahi kukosea kuhusu jeni hizi?

Imewahi, na ni vizuri kulijua hilo. Mwaka 2001 jeni ya KIF1B ilitangazwa kuwa chanzo cha aina moja ya ugonjwa wa neva wa Charcot-Marie-Tooth, baada ya kuchunguza familia moja. Mwaka 2004 uchunguzi wa familia nyingi zaidi ulionyesha kwamba aina hiyo husababishwa na jeni jirani, MFN2, inayohusika na mitokondria. Ukisoma mtandaoni ukurasa wa zamani unaosema vingine, sababu ndiyo hiyo.

Miosini inahusikaje na vifo vya ghafla vya wachezaji?

Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Ufaransa, Cameroon ilikuwa ikicheza na Colombia nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, akafariki muda mfupi baadaye. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa isivyo kawaida. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita haipatrofiki kadiomayopathi, hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya kila watu 500.

Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliokuwa wakichunguza ukoo mmoja wa Quebec, Canada, walipata chanzo cha kwanza cha ugonjwa huu: herufi moja iliyobadilika katika jeni ya MYH7, inayotengeneza miosini ya moyo. Baadaye jeni nyingine ziliongezwa kwenye orodha, na MYH7 pamoja na MYBPC3, inayotengeneza protini inayoidhibiti miosini, ndizo zinazoonekana zaidi. Zote zinahusu mashine ileile ya kuvuta.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba moyo huu haukuanza kwa udhaifu. Katika moyo wa kawaida, vichwa vingi vya miosini hukaa vimekunjwa vikipumzika kati ya pigo na pigo, na hutumia ATP kidogo sana. Mabadiliko mengi ya jeni huvifungua vichwa hivyo vya akiba, moyo ukavuta kwa nguvu nyingi mno, ukashindwa kulegea vizuri ili ujae damu, na ukateketeza nishati kupita kiasi. Miaka inavyokwenda kuta hunenepa, seli hupangika ovyo, makovu hujitokeza, na umeme wa moyo huweza kuvurugika ghafla, hasa wakati wa mazoezi makali. Mabadiliko mengine ya MYH7 hufanya kinyume: hupunguza nguvu, moyo ukapanuka na kulegea.

Je, kuna dawa inayolenga miosini yenyewe?

Ipo. Mavacamten iliidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2022 kwa wagonjwa wazima ambao unene wa moyo unaziba njia ya damu na wana dalili. Dawa hii hurudisha vichwa vya miosini kwenye hali ya kupumzika. Nguvu yake ndiyo hatari yake pia: ikizidi, moyo hudhoofika, kwa hiyo mgonjwa lazima apimwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla na mara kwa mara wakati wa matibabu. Pale ambapo dawa hiyo haijafika, dawa za zamani zinazopunguza mapigo ya moyo, kama vile propranolol, bado zina nafasi, na baadhi ya wagonjwa huwekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo mapigo yakivurugika. Hakuna anayepaswa kujianzishia au kujiachisha dawa hizi bila daktari wake.

Mzazi akiwa na ugonjwa huu wa moyo, watoto wote wataupata?

Kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kurithi jeni iliyobadilika, na hesabu huanza upya kwa kila mimba. Kurithi jeni na kuugua ni mambo mawili: ndugu wawili wenye jeni ileile wanaweza kutofautiana, mmoja akafa akiwa kijana na mwingine akazeeka bila kujua kwamba anayo. Kwa hiyo mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na eko ya moyo hata kama anajisikia mzima, na kipimo kirudiwe kwa vipindi daktari atakavyoelekeza. Kipimo kimoja safi ukiwa na miaka 12 hakithibitishi kwamba moyo utakuwa salama ukiwa na miaka 25.

Mtoto wangu anakohoa tangu azaliwe. Inawezekana ni protini hizi?

Inawezekana, ingawa sababu nyingine ni za kawaida zaidi na zichunguzwe kwanza. Njia zetu za hewa zimefunikwa na silia, vinyweleo vidogo sana, takriban 200 juu ya kila seli, vinavyopiga kwa mpangilio kama makasia na kusukuma kohozi, vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Nguvu ya kupiga hutoka kwa dainini zilizopangwa ndani ya kila unywele. Dainini hizo zikikosekana, kohozi hukaa. Ugonjwa huu, uitwao kwa Kiingereza primary ciliary dyskinesia na kufupishwa PCD, hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya watoto 10,000 hivi.

Niliwahi kuonyeshwa kwa hadubini seli zilizotolewa puani kwa kibrashi laini. Za mtu mzima wa afya zilikuwa zikimetameta kwenye ukingo, mawimbi yakipita kama upepo juu ya shamba la mpunga, zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja, na chembe za uchafu zikisukumwa pembeni. Kisha sahani ikabadilishwa. Seli zilikuwa zilezile kwa umbo, ukingo wenye vinyweleo vilevile, na hakuna kilichosogea. Mtoto aliyetolewa seli hizo alikuwa ameshatibiwa nimonia mara nyingi, na aliwahi kuanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vipimo vya makohozi kuonyesha chochote.

Dalili huwa na sura yake. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili hupata shida ya kupumua siku za kwanza bila sababu iliyo wazi. Kikohozi chenye kohozi huwa cha kila siku, majira yote ya mwaka, tofauti na pumu inayokuja na kuondoka. Pua hutoka kamasi tangu utotoni bila kukoma, na masikio hujaa maji mara kwa mara. Mapafu yasipotunzwa, njia za hewa hupanuka na kuharibika moja kwa moja. Wanaume wengi wenye PCD hupata shida ya kuzalisha kwa sababu mkia wa mbegu ya kiume nao unaendeshwa na dainini. Ni kupitia wanaume wa namna hiyo, ambao mbegu zao hazikusogea, Björn Afzelius wa Stockholm alitambua mwaka 1976 kwamba dainini ndizo zilizokosekana.

Tiba ya kuziba pengo hilo haijapatikana. Kinachookoa mapafu ni kazi ya kila siku: mazoezi ya kutoa kohozi, kucheza na kukimbia, antibiotiki kwa wakati, chanjo zote, na kumweka mtoto mbali na moshi wa sigara na wa jikoni.

Kwa nini baadhi ya wagonjwa hao wana moyo upande wa kulia?

Katika siku za mwanzo za mimba, silia maalumu za kiinitete huzunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaouambia mwili upande upi ni upi. Silia zisiposogea, upande huamuliwa kwa bahati, na ndiyo maana karibu nusu ya wenye PCD huwa na moyo kulia na ini kushoto. Kwa wengi mpangilio huo wenyewe hauna madhara, ingawa kwa wachache huambatana na kasoro za moyo. Moyo kulia pamoja na kikohozi kisichokoma ni jozi ambayo haifai kupitwa na daktari yeyote anayeshika picha ya kifua.

Je, uziwi wa kuzaliwa unahusiana na protini hizi?

Sehemu yake, ndiyo. Jeni ya MYO7A hutengeneza miosini inayohitajika katika vinyweleo vya sikio la ndani na nyuma ya jicho. Ikiharibika kutoka pande zote mbili za wazazi, mtoto huzaliwa kiziwi, huchelewa kutembea kwa kuwa kiungo cha mizani nacho kiko sikioni, kisha kuanzia utotoni huanza kupoteza uwezo wa kuona gizani. Hali hii huitwa sindromu ya Usher aina ya 1B. Mtoto kiziwi ambaye hakutembea mpaka baada ya miezi 18, na anayejikwaa jioni taa zikiwa hafifu, apelekwe kwa daktari wa macho mapema, kwa sababu familia na walimu wanahitaji muda wa kumwandaa kabla macho hayajafifia. Lugha ya alama peke yake haitamtosha baadaye.

Tiba ya jeni kwa ugonjwa huu imekabiliwa na kikwazo cha ukubwa: jeni ya MYO7A ni ndefu kuliko inavyoweza kubebwa na kirusi kinachotumiwa zaidi kupeleka jeni jichoni, hivyo watafiti huigawa vipande viwili vinavyounganishwa ndani ya seli.

Ualbino nao ni ugonjwa wa protini za mwendo?

Hapana. Aina ya ualbino inayoonekana zaidi Tanzania, OCA2, ni kasoro katika kutengeneza rangi yenyewe. Upo ugonjwa mwingine, nadra sana, uitwao sindromu ya Griscelli, ambao rangi hutengenezwa lakini haisafirishwi kwenda kwenye nywele na ngozi. Katika aina yake ya kwanza kilichoharibika ni miosini ya MYO5A, nywele huwa za rangi ya fedha, na mtoto hupata matatizo makubwa ya ubongo na neva.

Vimelea vya malaria vinazo protini hizi?

Vinazo vyake. Kimelea cha malaria hakina mguu wala mkia wakati kinapoivamia chembe nyekundu ya damu; hujiingiza kwa nguvu ya miosini yake iitwayo MyoA, iliyojipanga chini ya ngozi yake, na kazi yote hiyo humalizika kwa kawaida ndani ya dakika moja. Maabara zimeonyesha kwamba *Plasmodium falciparum* aliyeondolewa MyoA hawezi kuingia. Miosini hiyo ni tofauti kiasi na zetu, na tofauti hiyo ndiyo inayowapa watafiti tumaini la kupata dawa itakayoizuia bila kuugusa moyo wa mgonjwa. Kwa mtu anayeishi kwenye malaria, hii ni mojawapo ya tafiti za kufuatilia kwa karibu.

Kwa nini mtu aliyeumwa na mbwa huambiwa awahi, wakati anajisikia mzima?

Kwa sababu kirusi kiko safarini. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kwenye ncha za neva karibu na jeraha, kisha hubebwa kupanda kuelekea uti wa mgongo na ubongo kwa usafiri uleule wa kurudi ambao mwendeshaji wake mkuu ni dainini. Safari hiyo ndiyo sehemu ya muda tunaouona kama utulivu. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa wiki moja au mwaka mzima, na jeraha la usoni au kichwani ni la hatari zaidi kuliko la mguuni kwa kuwa njia ni fupi. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika.

Kwa hiyo muda ulio nao ni ule kabla kirusi hakijapanda. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usilifunge kwa majani, usipake mafuta ya taa wala pilipili. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze chanjo, na umalize sindano zote hata kama mbwa ni wa jirani na hata kama kidonda kimeshapona. Nimesikia mara nyingi mno maneno ya "tusubiri tuone mtoto atakuwaje". Hakuna cha kusubiri hapo. Kitakachoonekana ni kitu kisicho na tiba.

Pepopunda hupita njia hiyohiyo. Bakteria hubaki kwenye kidonda, au kwenye kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu, ila sumu yake hupakiwa kwenye neva na kubebwa hadi uti wa mgongo, ambako huzima neva za kulegeza misuli. Matokeo ni taya kukaza na mgongo kupinda. Chanjo huweka kinga inayoidaka sumu ikiwa bado kwenye damu. Ikishaingia ndani ya neva, dawa ya kuidaka haiifikii.

Dawa za saratani zinahusiana vipi na usafiri huu?

Baadhi yake hupiga njia zenyewe. Vincristine, inayotokana na ua lenye asili ya Madagascar ambalo wengi wamelipanda uani bila kujua thamani yake, huvunja mikrotubuli. Paclitaxel huzigandisha zisiweze kubadilika. Seli ya saratani isiyo na njia nzuri hushindwa kugawanya kromosomu zake na hufa. Vincristine ni miongoni mwa dawa muhimu za uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 kutokana na wagonjwa wake wa Kampala.

Lakini neva nazo zinazihitaji mikrotubuli hizo. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika ganzi na mchomo unaoanzia kwenye vidole vya miguu, hushindwa kufunga vifungo vya shati, au mguu ukaanza kuburuta. Mweleze daktari mapema, kwa kuwa dozi inaweza kurekebishwa. Watafiti walijaribu kuyakwepa madhara haya kwa kuzuia kinesini inayofanya kazi hasa wakati wa seli kugawanyika, wakianza na monastrol mwaka 1999, lakini dawa zilizofuata hazikuwapa wagonjwa nafuu iliyotarajiwa.

Je, Alzheimer na Parkinson ni magonjwa ya protini za mwendo?

Usafiri ndani ya neva hudorora katika magonjwa yote mawili, hilo limeonekana mara nyingi. Ila kudorora huko huweza kuwa matokeo ya seli kuugua kuliko kuwa chanzo, na anayekuuzia kirutubisho cha "kuamsha kinesini" anakuuzia maneno.

Ndoa za binamu zinaongeza hatari?

Kwa magonjwa yanayohitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kama PCD na Usher, ndiyo, kwa sababu binamu wanaweza kuwa wameirithi jeni ileile kutoka kwa babu mmoja. Ndoa hizi ni za kawaida kwa baadhi ya familia za pwani yetu na za Oman, na wengi wa watoto wao huzaliwa wazima. Wazazi ambao tayari wana mtoto mgonjwa ndio wanaohitaji ushauri kwanza: kila mimba inayofuata ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata ugonjwa huo. Kwa ugonjwa wa moyo wa MYH7, undugu wa wazazi kwa kawaida hauongezi kitu, kwa kuwa jeni moja inatosha.

Nikishuku mojawapo ya magonjwa haya, nianzie wapi na niende na nini?

Anzia kwenye vipimo vilivyo karibu. Picha ya kifua huonyesha moyo uko upande gani, ECG na eko ya moyo hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa na katika taasisi kama ile ya moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na vipimo vya usikivu na vya macho havihitaji maabara ya jeni. Kipimo cha jeni huja baadaye, na mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo uliza kwanza jibu lake litabadilisha nini katika matibabu.

Nenda na karatasi yenye ukoo wako: babu na bibi wa pande zote, wajomba, mashangazi, ndugu na watoto, kila mmoja na umri wake na alichougua. Waandike na waliofariki wadogo, hata yule anayekumbukwa kwamba alianguka tu akicheza mpira au alizama ziwani ingawa alijua kuogelea, kwa sababu huenda moyo ndio uliosimama. Na kama kuna ndugu aliyewahi kupigwa picha ya kifua ambayo bado imehifadhiwa nyuma ya kabati, ichukue uende nayo.